Inchi Mbili Chini ya Ngoma

Nilianguka nikiwa nimeikumbatia ngoma. Hilo ndilo watu wa Gitothua hukumbuka, na wengine bado wanacheka wakilisimulia: fundi mzima wa miaka hamsini na mbili, suti ya Jumapili, anaruka kutoka jukwaani na ngoma kifuani kama mtu anayetoroka na kuku wa jirani. Hawakumbuki sauti ya mkono wangu. Mimi naikumbuka. Ulilia kama kijiti kikavu cha kuwashia jiko, mara moja, halafu mara ya pili. Kinanda kikaendelea kidogo peke yake, kwa sababu aliyekuwa akikipiga alikuwa amefunga macho kwa kuabudu.

Nimelala pale kwa simiti, ngoma iko juu yangu, nzima kabisa, hata ngozi haikupasuka. Na karibu na uso wangu kuna kabro. Kabro nyekundu, lile tofali la kutandika uwanjani. Nikajiuliza, kabro inafanya nini madhabahuni? Ya pili ikabingirika kutoka jukwaani ikatua karibu na sikio langu. Hapo ndipo nikaelewa.

Vijana, mlinitumia ujumbe mkiniuliza namna ya kuinua ngoma ndogo ya beisi ili pedali igonge mahali pazuri. Mlisema mnatengeneza kijitabu cha wapigaji ngoma wa makanisa ya huku kwetu, kuanzia Ruiru mpaka Thika, na mnataka neno la Baba Njeri, fundi wa zamani wa Kiganjo. Nimekubali. Naandika kwa simu, na kidole gumba cha kushoto, kwa hivyo mtanivumilia nikirukaruka. Shule niliacha darasa la sita. Lakini ngoma nazijua. Na nitawaambia yote mawili pamoja, jinsi ya kuinua ngoma na jinsi nilivyoanguka nayo, kwa maana mimi siwezi tena kuyatenganisha.

Kwanza hesabu, nayo ni ndogo. Pedali yako ina nyundo, ile fimbo yenye kichwa inayogonga ngozi ukikanyaga. Pedali nyingi, kichwa cha nyundo hugonga kama inchi kumi kutoka sakafuni. Ngoma kubwa ya inchi ishirini, katikati yake ni inchi kumi. Zimekutana, hakuna shida. Lakini hii ndogo, ya inchi kumi na sita, ukiilaza chini katikati yake iko nane. Nyundo inagonga juu ya katikati, na sauti inatoka kama ya mtu anayebisha mlango wa choo. Unakosa inchi mbili. Hizo inchi mbili ndizo zimenilisha, ndizo zimemsomesha Njeri, na ndizo zilinimaliza.

Mtauliza, si watu wanunue ngoma kubwa? Wewe hujawahi kupigia ndani ya mabati. Makanisa yetu yalianza mabati juu mpaka chini, ploti nusu, nyumba za kupanga pande zote. Ngoma kubwa ndani ya mabati haikai kwa masikio, inakaa kwa meno. Kulikuwa na jirani mmoja pale Kiganjo, mama wa mtoto mchanga, kila Jumapili alikuwa anamleta mtoto mpaka mlangoni mwa kanisa, anamwinua pasta amwone, anauliza, "Huyu atalala lini, mbinguni?" Ndio mapasta wakaanza kuja kwangu. Fundi, tutengenezee ndogo. Nikawa nachukua ile ngoma ya kusimama, yenye miguu mitatu, naitoa miguu, nailaza ubavu, inakuwa beisi. Sauti tamu, jirani analala, mtoto analala. Shida ikabaki moja tu, inchi mbili.

Stendi yangu ya kwanza niliipeleka nikiwa na kiburi kama jogoo. Nilikuwa nimetengeneza sanduku zuri la mbao, limepigwa msasa na vanishi, ngoma inakaa juu. Na pedali nayo nikaiweka juu, kwa sababu mdomo wa pedali lazima uume ringi ya ngoma, ule mviringo wa ukingoni, na ringi sasa iko juu. Mpigaji alikuwa Mwaura, muuza nyama, mtu wa mapaja. Akakaa. Akaweka mguu kwa pedali. Goti likapanda likafika kifuani.

"Fundi," akaniuliza, na kwaya nzima inasikia, "hii ni ngoma ama umenichimbia choo?"

Akagonga mara moja. Nyundo ikagonga palepale ilipokuwa inagonga zamani, juu ya katikati. Hakuna kilichobadilika isipokuwa goti la Mwaura.

Nilirudi kwa mwalimu wangu, Mzee Kihara. Huyu alikuwa fundi wa madirisha na majiko, hakujua wimbo hata mmoja, na kanisani alikuwa analala. Lakini chuma alikijua. Nikamweleza. Hakucheka. Alimaliza chai yake yote ndipo akasema, "Umepanda ngazi na shida yako mkononi."

Ukiinua ngoma na pedali pamoja, hujainua kitu, umeinua sakafu. Andikeni hilo kwa kijitabu chenu herufi kubwa. Pedali inabaki chini. Kisigino kinabaki chini. Ngoma peke yake ndiyo inapanda.

Lakini sasa pedali itauma nini, na ringi imeenda juu? Hapo ndipo Mzee Kihara alinifundisha kuweka ulimi. Unachomelea kipande cha chuma bapa chini ya kitanda cha ngoma, ile fremu ya chuma inayoibeba, kinatokeza nyuma, kwa urefu uleule ringi ingekuwa kama ngoma ingekuwa chini. Juu yake unafunga kibao chembamba cha mbao ngumu, ili mdomo wa pedali usiteleze. Pedali inauma ulimi, ngoma imekaa kwa kitanda, vyote ni kitu kimoja. Hiyo ndiyo stendi. Kila mtu anayewauzia mbao mbili na msumari akiita stendi, mwambieni Baba Njeri amewasalimia.

Nilikosea mengine mengi. Kuna kanisa moja la Thika nilienda kupima Jumamosi, mpigaji amevaa slipasi. Nikapima, nikachomelea, nikarudi na furaha. Jumapili akaja na viatu vya soli nene kama tofali, na kila akikanyaga nyundo inazama kwa ngozi inakwama. Wakasema stendi ni mbaya. Stendi haikuwa mbaya, kiatu ndicho kilikuwa kingine. Tangu siku hiyo, mtu akiniita nilikuwa nauliza jambo moja kabla ya salamu, "Utapiga na kiatu gani?" Wengine waliniona nimerukwa na akili. Mtu anapigiwa simu anaulizwa kiatu. Lakini pima na kiatu cha Jumapili.

Na kanisa lingine hukohuko, kabla sijawafikia, vijana walikuwa wameinua ngoma yao juu ya vitabu vya nyimbo. Vile vya zamani, jalada gumu. Cucu Nyokabi, bibi mzee, mkubwa wa akina mama, alikuwa akifagia akaviona.

"Haiya! Sifa za Mungu ndizo mnakanyagia?"

"Cucu, hatukanyagi," kijana akamjibu, "zinatubeba tu."

"Zitakubeba wewe mpaka barabarani."

Na zikambeba. Ndio maana niliitwa haraka vile.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa maana hapa ndipo kila kitu kinaning'inia. Ngoma hutembea. Ukiigonga kutoka nyuma siku nzima, itaenda mbele, ndiyo akili yake. Ile kubwa ina miguu miwili ya pembeni yenye ncha, inachoma sakafu inakaa. Ukiinua ndogo, hiyo miguu haifiki chini. Kwa hivyo stendi yangu ilikuwa na raba za tairi chini, nne, nazikata mimi mwenyewe. Na juu ya raba, mshipi. Mkanda wa kiti cha gari, ule wa kujifunga, nilikuwa naupata kwa wauza vyuma vikuukuu. Upande mmoja umefungwa kwa stendi na bolti, upande mwingine una kulabu, na kulabu inaingia kwa mguu wa kiti cha mpigaji. Ukikaa, uzito wako ndio unaishikilia ngoma. Unaigonga iende, na wewe mwenyewe ndiye unaizuia.

"Mwenye kuisukuma ndiye aizuie," Mzee Kihara alikuwa anasema. Nilidhani anaongea juu ya ngoma peke yake.

Ile stendi ya Gitothua ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Niliitengeneza kanisa likiwa bado la mabati, na mpigaji wao alikuwa Wangari, msichana mwembamba, mguu mwepesi, anagonga kama mvua inayoanza. Nilimpima na kiatu chake cha Jumapili. Nikaweka alama yangu, doa tatu za kugonga na nyundo, upande wa kulia. Na hapo karibu na doa drili iliniponyoka ikachora kovu refu, kama alama ya mwalimu akisahihisha daftari. Nilitaka kubadilisha hicho kipande. Mama Njeri akasema, "Acha, utaijua siku ikipotea." Wake zetu husema mambo wakikoroga uji tu, na sisi hatuandiki.

Kanisa likakua. Likajengwa la mawe, na jukwaa la kufika kiunoni, vigae vya kung'aa. Kamera ikaja. Na mwenye kusimamia mali ya kanisa akawa Shemasi Gachanja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Naandika jina lake. Nimechoka kusema "mtu fulani".

Gachanja ndiye aliyeleta ngoma mbele, ukingoni kabisa. Nilimwambia. Nilikuwa nimeenda kubadilisha raba, nikamwambia, "Shemasi, ngoma hukaa nyuma, ukutani."

"Fundi, watu wa mtandao wanataka kuona mpigaji."

"Wanataka kumwona akipiga ama akianguka?"

"Si uko na mshipi wako? Ama huuamini?"

Nikamaliza raba zangu nikaenda. Nilikuwa nauamini.

Akina mama wa mapambo nao wakaleta kitambaa. Zambarau, kinang'aa, kinazunguka ngoma chini mpaka kwa vigae. Kikapendeza. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeona tena ngoma imekaa juu ya nini.

Sasa ile Jumapili. Nilikuwa nimeenda kusali tu. Wangari akaamka na malaria. Mwenye kuongoza wanamuziki, Timo, kijana niliyemfundisha ngoma, sasa anafanya kazi kwa duka la Gachanja, akanijia pale kwa kiti huku ibada imeanza.

"Baba Njeri, tuokoe. Nyimbo tatu tu."

Nimewafundisha watu miaka yote hiyo jambo moja: kabla hujakaa, angalia chini ya ngoma. Piga goti, angalia raba, vuta mshipi. Na siku hiyo sikupiga goti. Suti ilikuwa imepigwa pasi, watu wananiangalia, kamera iko hapa. Nilikaa, nikakanyaga mara moja kujaribu. Nyundo ikagonga katikati kabisa. Urefu ulikuwa sawasawa, inchi mbili, hata unywele haukuzidi. Nikajiambia, kazi ya mikono yangu hii.

Wimbo wa kwanza, polepole. Wa pili, polepole. Wa tatu ni ule wa kuruka, na waumini wamesimama. Nikaanza kuhisi pedali inanikimbia. Nikanyoosha mguu. Inakimbia tena, nikanyoosha tena, nikafikiri ni uzee, ni goti. Halafu nikaona kitambaa cha zambarau kinainama kama mtu anayetaka kuokota kitu. Ngoma ikaenda. Na mimi, badala ya kuiacha iende, nikairukia.

Msiniulize kwa nini. Mama akiona mtoto anaanguka hapigi hesabu. Chini pale mbele walikuwa wamekaa watoto, wote kwa mkeka. Ngoma haikuwagusa. Hilo nalo halikutangazwa.

Mkono wa kulia, hapa kwa kifundo, ulivunjika mara mbili. Madaktari walifanya wanavyoweza. Ulishika, lakini umepinda, na vidole viwili havikunjiki. Siwezi kushika drili. Siwezi kukaza nati. Kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, vijana. Sikupewa saa wala keki.

Lakini si mkono ulioniua. Nikiwa bado nimelazwa, Wangari alikuja kuniona, bado ana homa, akakaa kwa ukingo wa kitanda anaangalia chini.

"Baba Njeri, Jumapili Pasta alitangaza."

"Alitangaza nini?"

"Kwamba stendi yako ilivunjika. Kwamba tukuombee, na tusikulaumu, kwa sababu hakuna fundi asiyekosea."

Nilitaka kucheka, kifua kikakataa. "Wangari, ulikuwa umeona stendi lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. "Jumapili ya kabla ya hiyo ilikuwa. Mshipi niliufunga mwenyewe."

"Na siku yangu, mshipi ulikuwa?"

Angejuaje? Hakuwa hapo. Lakini mimi nilikuwa hapo, na hakuna kulabu niliyoifunga, wala sikuona kwamba haipo. Mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi huona alichozoea kuona, hata kama hakipo.

Neno la pasta lina miguu kuliko boda boda. Stendi ya Baba Njeri ilivunjika, ikamwangusha mwenyewe. Likafika Juja, likafika Thika. Nikisema niliona kabro, wananiambia niligonga kichwa. Asubuhi moja nikatoka kwangu Kiganjo nikapata stendi imeachwa langoni, imefungwa kamba, haina barua. Kesho yake nyingine. Yule Mwaura wa nyama, amezeeka sasa, alileta yake mwenyewe, na angalau huyo alibisha.

"Baba Njeri, si mimi. Ni kamati."

"Imevunjika?"

"Haijavunjika. Nimeipigia miaka yote hii. Lakini wanaogopa."

"Na wewe?"

"Mimi na mapaja haya, ikivunjika nitasikika Nairobi." Akacheka, halafu akaona sicheki, akaiegemeza ukutani taratibu kama mgonjwa.

Nilikuwa nimepanga, mkono ukikataa kabisa, nimwachie mtu kibanda changu cha kuchomelea. Nifundishe kwa mdomo, yeye achomelee. Ni nani atakuja kujifunza kwa fundi ambaye kazi yake inaua? Vyuma vikaota kutu. Kibanda sasa kinauza mboga.

Basi miezi ikaenda. Mtoto wa dada yangu akafungia ndoa Mwihoko, kwenye kanisa jipya lililotoka kwa lile la Gitothua, tawi lake. Nikaenda na Mama Njeri. Wakaanza kupiga, na mimi nikainua kichwa. Ngoma ndogo, inagonga katikati, safi, hakuna kutetemeka. Nikamwambia Mama Njeri, "Hii imeinuliwa na mtu anayejua." Nilikuwa nafurahi, kweli. Nikafikiri kuna fundi mwingine, tutaongea.

Ibada ikaisha, nikaenda mbele. Mpigaji ni kijana wa nywele za kusokotwa.

"Sasa buda," akanisalimia, mzee kwa lugha yao.

"Sema kijana. Naweza kuangalia chini?"

"Angalia tu. Hiyo stendi ni moto, haijawahi kunisumbua."

Safari hii nilipiga goti. Nikainua kitambaa. Raba nne za tairi. Mkanda wa gari, kulabu imeingia kwa mguu wa kiti. Ulimi na kibao chake. Upande wa kulia, doa tatu, na lile kovu la drili.

"Hii ilitoka wapi?" nikamuuliza, nikiwa bado chini.

"Ililetwa na Shemasi Gachanja, ile wiki tulikuwa tunafungua kanisa. Pasta wetu ameoa kwake. Alisema Gitothua wamepata mpya." Halafu akaona mkono wangu. Akaangalia stendi, akaangalia mkono. "Buda. Si wewe ndiye ulianguka na ngoma?"

Mama Njeri aliniinua.

Nilienda kwa duka la Gachanja kesho yake. Akanipa kiti. Akanipa soda, akaifungua mwenyewe. Soda ya mtu mwenye hatia huwa baridi sana.

"Shemasi, stendi yangu iko Mwihoko."

"Stendi gani, fundi?"

"Ile iliyovunjika."

Akachukua kitambaa akapangusa kaunta ambayo haikuwa chafu. "Ilikuwa ya siku moja tu. Mkwe wangu anafungua kanisa, wageni wanakuja, ngoma yao inalia kama debe. Ningeirudisha Jumatatu."

"Na Jumapili Gitothua wapigie juu ya nini?"

"Timo alisema atapanga."

"Na tangazo lilipotolewa, ulikuwa umekaa wapi?"

"Tangazo si langu. Muulize Pasta."

Nikaenda kwa Pasta. Pasta Kibe ni mtu mpole, hata nzi hamfukuzi. Akasema, "Mimi nilisema nilichoambiwa."

"Na sasa unajua."

"Sasa najua."

"Basi sema."

"Baba Njeri, Shemasi amelibeba hili kanisa. Tusilete mgawanyiko. Sisi ni mwili mmoja."

"Ule mkono uliovunjika, Pasta, ulikuwa wa huo mwili, ama ulikuwa wangu peke yangu?"

Akaniombea. Aliomba muda mrefu. Nilipofungua macho alikuwa anaangalia saa.

Timo sikumtafuta, alikuja mwenyewe Kiganjo. Alisimama pale penye mboga sasa, akalia kama mtoto.

"Niliambiwa tu nitafute kitu cha inchi mbili, Baba Njeri. Walikuwa wanatandika kabro uwanjani. Nikapima. Ilikuwa inchi mbili kamili. Pedali nikaibana kwa kibao nikakisukuma chini ya ringi. Nikajaribu, ikagonga katikati."

"Ulipima vizuri, Timo."

Na hilo ndilo linaniamsha mpaka leo. Alipima vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha, nikamwambia inchi mbili, inchi mbili, kila siku inchi mbili, mpaka akadhani stendi ni urefu. Urefu hata jiwe linakupa. Sikumfundisha vya kutosha kwamba kazi ya stendi ni kushikilia. Hilo ni langu, nalibeba. La kutopiga goti pia ni langu. Nimeyasema mbele yenu na sijafa.

"Utasema kanisani?" nikamuuliza.

"Niko kwa duka lake, Baba Njeri. Nina mtoto."

Sikumlazimisha. Kijana mwenye mtoto na tajiri wa aina ile, nimlazimishe na nini?

Kwa hivyo wekeni hii kwa kijitabu chenu, yote, msikate mwisho. Mkikata mwisho mtoe na mwanzo, mtafute fundi mwingine awaambie juu ya ulimi na raba. Najua Gachanja atakisoma, kwa maana picha za jalada mtapigia kwa kanisa lake.

Gachanja. Sitaki pole, nimepewa nyingi hazikunji kidole. Sitaki ulipe kitu. Ile stendi iko Mwihoko, Jumapili iliyopita imepigiwa, na ijayo itapigiwa. Ilete Gitothua, uibebe mwenyewe, si Timo. Iweke pale jukwaani palepale ulipoiweka ngoma, bila kitambaa. Igeuze upande wa kulia, waone doa tatu. Halafu uchukue kile chombo cha kusemea, kilekile kilichotumika kunitangaza, uwaonyeshe watu stendi ya Baba Njeri ilivunjika wapi.

Mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele na suti ileile. Tafuta taratibu, kuanzia raba mpaka ulimi. Ukikosa palipovunjika, waambie ni nani aliyeitoa.